Je, Jasho la Mtafiti Hupotea Bure?

Miongoni mwa maswali tunayoletewa na watu wanaoichunguza dini ya Islam, limo moja ambalo huulizwa kwa adabu lakini ndani yake mna uchungu. Muulizaji husema: Ninyi mnatufundisha kwamba Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. ameeleza kuwa hakuna maradhi yasiyoumbiwa dawa, isipokuwa uzee. Tena mnatufundisha kwamba Mwenyezi Mungu haipotezi taabu ya mwenye kujitahidi. Basi imekuwaje wataalamu wenye akili na moyo mwema wakautoa umri wao kwa ajili ya ugonjwa mmoja, wakatumia fedha nyingi na miaka mingi, na mwishowe wakatangaza kwamba walilolitafuta hawakulipata? Jasho lao limekwenda wapi? Na wale waliokufa katika muda huo, ahadi hiyo iliwafaa nini?

Swali hili halijibiwi kwa kumwambia mtu azidishe imani. Aghalabu anayeuliza hivi amekwisha zika mama yake au dada yake. Wala halijibiwi kwa njia waipendayo baadhi ya wahubiri, yaani kudai kwamba elimu zote za hospitali zimo tayari katika Kurani, na Wazungu wamezichukua humo kwa siri. Kurani Tukufu haikuja kuwa kitabu cha maabara, na anayeilazimisha iwe hivyo haiheshimu Kurani wala maabara. Yenyewe inatuhimiza tutazame, tutafakari na tufanye kazi. Kwa hiyo nimeona afadhali tushike kisa kimoja cha kweli, tukifuate mwaka kwa mwaka, kisha tuone lile swali linasimama wapi. Kisa chenyewe ni utafiti wa saratani ya ovari.

Ovari ni vile vifuko viwili vya mayai ya uzazi alivyo navyo mwanamke, kimoja kila upande, ndani kabisa ya nyonga. Saratani ya mahali hapo ni adui msiri. Haionekani kwa macho wala haiguswi kwa mkono mapema, na dalili zake za mwanzo hufanana na mambo madogo ambayo kila mwanamke huyajua: tumbo kujaa, kushiba upesi, maumivu chini ya kitovu, haja ndogo ya mara kwa mara. Mwanamke hunywa dawa ya tumbo akaendelea na kazi zake. Kwa hesabu za mwaka 2022, wanawake zaidi ya 320,000 duniani waligunduliwa kuwa na ugonjwa huu, na zaidi ya 200,000 walikufa kwa ajili yake. Nchini Marekani, katika wale ambao ugonjwa wao hugunduliwa ukiwa bado haujatoka ndani ya ovari, karibu tisa katika kila kumi huwa hai baada ya miaka mitano. Katika wale ambao umekwisha sambaa mbali, huwa hai watatu tu katika kila kumi. Na walio wengi hugunduliwa katika hali hii ya pili.

Mtu yeyote akizitazama hesabu hizo mbili, tisa na tatu, atawaza jambo lile lile: laiti ugonjwa huu ungegunduliwa mapema! Wazo hilo ndilo lililoyatawala maisha ya kazi ya watafiti ninaotaka kuwataja.

Mwaka 1975, huko Cambridge nchini Uingereza, Georges Köhler na César Milstein walivumbua njia ya kutengeneza kingamwili za namna moja tupu. Kingamwili ni vitu ambavyo mwili hutoa ili kukamata kitu kigeni, na kila namna hukamata kitu chake tu, kama ufunguo na kufuli lake. Dr. Robert Bast, aliyekuwa akifanya kazi Boston, Marekani, pamoja na wenzake, aliichukua njia hiyo akaielekeza kwenye saratani ya ovari. Waliwadunga panya seli za saratani hiyo, kisha wakazipima kingamwili zilizopatikana, moja baada ya moja, wakitafuta ile itakayozishika seli za saratani na kuziacha seli zenye afya. Iliyofaa ilikuwa ya 125. Kwa sababu hiyo kitu kinachokamatwa nayo kikaitwa CA-125, jina ambalo hadi leo huandikwa katika karatasi za vipimo vya damu duniani kote. Habari za kingamwili hiyo zilichapishwa mwaka 1981.

Namwomba msomaji asipite haraka kwenye namba hiyo. Wavumbuzi wengi huvipa vitu vyao majina ya fahari. Hili limebeba ndani yake mara 124 za kuinamia chombo na kuinuka mikono mitupu, na hakuna aliyeona haya kuziacha zionekane.

Mwaka 1983 Bast na wenzake wakaeleza kwamba kitu hicho chaweza kupimwa katika damu. Katika wanawake wenye saratani ya ovari waliopimwa, zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa na kiasi kilichopita kawaida. Katika watu wenye afya, mmoja tu katika kila mia. Mwanamke anayetibiwa, kiasi hicho hushuka dawa inapofanya kazi, na hupanda ugonjwa unaporudi. Furaha ilikuwa kubwa, na haikuwa furaha ya kijinga. Lakini papo hapo likazaliwa tumaini kubwa zaidi kuliko lile lililothibitishwa: kwamba kipimo hiki kikifanyiwa wanawake wasio na dalili yoyote, kitawafichua wagonjwa mapema na kuwaokoa.

Hapa yafaa tukumbuke somo ambalo Waahmadiyya tunalijua vizuri. Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, katika hotuba yake iliyosomwa Lahore mwezi wa Desemba 1896, ambayo imechapishwa kwa jina la Falsafa ya Mafundisho ya Islam, alieleza kwamba yakini ina daraja tatu. Mtu aonaye moshi kwa mbali hujua kwa dalili kwamba pana moto. Akisogea akauona moto wenyewe, amepanda daraja. Akiuingiza mkono wake akaonja joto lake, amefika kwenye yakini kamili. Alikuwa akizungumza juu ya kumjua Mungu. Lakini tazama jinsi mpango huo unavyotufaa katika jambo letu. Kipimo cha CA-125 ni moshi. Ni dalili ya kweli, lakini bado ni dalili.

Na moshi una matatizo mawili. Kwanza, waweza kutoka katika moto mwingine. CA-125 hupanda katika mimba, hupanda wakati wa hedhi, hupanda katika baadhi ya maradhi ya ini, na hupanda katika kifua kikuu cha tumboni, jambo ambalo sisi wa Afrika ya Mashariki hatupaswi kulisahau, maana kifua kikuu kingalipo kwetu. Pili, moto mdogo huenda usitoe moshi wa kuonekana. Katika daraja la kwanza la saratani hii, wakati ambapo kugundua kungefaa zaidi, karibu nusu ya wagonjwa hawaonyeshi kupanda kokote.

Tena fanya hesabu. Katika nchi za Magharibi, kati ya wanawake 2,500 waliokoma hedhi, mmoja hivi ndiye mwenye ugonjwa huu kwa wakati fulani. Ukiwapima wote, na kipimo kikakosea kwa mmoja tu katika kila mia, utawashtua wanawake 25 wazima kwa ajili ya kumtafuta mgonjwa mmoja. Na kushtuliwa huku si kwa maneno tu. Kuujua ukweli wa mambo ndani ya nyonga mara nyingi huhitaji kisu.

Ian Jacobs, aliyekuwa daktari kijana London katika miaka ya 1980, aliliona tatizo hili. Shauri lake na la wenzake lilikuwa kupima damu kwanza, kisha wale tu waliopanda wapigwe picha ya altrasaundi. Walianza na wanawake 22,000. Baadaye waliwagawa kwa kura, nusu wapimwe na nusu wasipimwe, na mwaka 1999 wakachapisha matokeo. Katika kundi lililopimwa vilitokea vifo 9 vya saratani hiyo, na katika kundi lisilopimwa vifo 18. Msomaji atasema: basi imethibitika! Watafiti hawakusema hivyo. Walisema kwamba idadi ni ndogo mno, na kwamba tofauti kama hiyo yaweza kutokea kwa bahati tu. Nadhani hapa ndipo mahali pa kwanza katika kisa hiki ambapo mtu mwenye haraka angeharibu kila kitu.

Badala ya kutangaza ushindi, walianza upya kwa ukubwa zaidi. Kuanzia mwaka 2001 hadi 2005 waliandikishwa wanawake 202,638, wenye umri wa miaka 50 hadi 74, katika vituo 13 vya Uingereza, Wales na Ireland ya Kaskazini. Waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi moja lilipimwa damu kila mwaka, na hesabu maalumu, aliyoifanyia kazi Steven Skates wa Boston, ikaangalia jinsi kiasi cha kila mwanamke kilivyobadilika, badala ya kutazama kama kimepita mpaka fulani tu. Kundi la pili lilipigwa altrasaundi kila mwaka. Kundi la tatu, wanawake 101,314, halikupimwa kitu. Kupima kuliendelea hadi mwisho wa mwaka 2011, na baada ya hapo kazi ikawa ni kungoja.

Mwisho wa mwaka 2015 yalitolewa matokeo ya kwanza. Yalionyesha kama kwamba vifo vilipungua kidogo katika kundi la kipimo cha damu, lakini ushahidi haukuwa na nguvu ya kutosha. Walisema ni lazima wangoje tena. Wakangoja. Mwezi wa Mei 2021 yakachapishwa matokeo ya mwisho, Profesa Usha Menon akiwa wa kwanza katika orodha ya waandishi. Wanawake walikuwa wamefuatwa kwa muda wa miaka 16 hivi. Katika kundi la kipimo cha damu walikuwa wamekufa kwa saratani hiyo wanawake 296 kati ya 50,625. Katika kundi la altrasaundi walikufa 291 kati ya 50,623. Katika kundi lisilopimwa walikufa 619 kati ya wale 101,314. Ukigawanya, utapata jibu lile lile kwa yote matatu: 6 katika kila elfu. Kipimo kiliwagundua baadhi ya wanawake mapema zaidi, hilo ni kweli. Ila hakikuokoa maisha yao. Waandishi walitamka wazi kwamba kwa ushahidi huo haifai kushauri wanawake wote wapimwe.

Sasa turudi kwenye swali. Tangu 1981 hadi 2021 ni miaka arobaini. Je, imepotea?

Kabla sijajibu, nataka kumwonyesha msomaji jinsi ambavyo ingeweza kupotea kweli. Katika mwaka 1999, au tuseme 2015, ingetosha kabisa kunyamaza mahali fulani na kupaza sauti mahali pengine. Wanawake walikuwa tayari kuamini. Magazeti yalikuwa tayari kuandika. Na wenye kuuza vipimo hawakukosekana: mwaka 2016 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa ililazimika kuwaonya watu dhidi ya vipimo vilivyokuwa vikiuzwa kwa madai ya kuchunguza saratani ya ovari kwa wanawake wasio na dalili. Kwetu pia hatuna haja ya kwenda mbali. Ni nani asiyeona vibao barabarani vinavyoahidi kuponya saratani, ukimwi na kukosa bahati, vyote kwa chupa moja? Tofauti kati ya mwenye kibao na mtafiti si elimu tu. Mwenye kibao hajapata hata siku moja kuwahesabu waliokufa.

Wala uongo wa namna hii si uongo usio na madhara, ati kwa kuwa unampa mgonjwa matumaini. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya jaribio jingine kubwa, la Marekani, lenye wanawake 78,216. Huko wanawake 3,285 waliambiwa kwamba kipimo chao kina shaka, hali hawakuwa na saratani. Kati yao 1,080 walipasuliwa, na katika hao waliopasuliwa 163 walipata madhara makubwa. Hawa walikuwa wazima. Waliingia hospitali wakitembea kwa miguu yao. Na katika kundi lililopimwa vifo havikuwa vichache kuliko katika lile lisilopimwa: 118 kwa 100. Basi mtu akisema afadhali kupima kuliko kutopima, maana kupima hakudhuru, mtajie wanawake hao 163.

Aliyeingia katika Jumuiya yetu kwa kufanya bai'at ameahidi katika sharti la pili kwamba atajiepusha na uongo, na katika sharti la tisa kwamba atawahudumia viumbe wa Mungu kwa nguvu na vipaji alivyopewa. Watu wengi huyaona masharti haya kuwa mambo mawili: moja la ulimi na moja la mkono. Kisa hiki chatuonyesha kwamba mkono hauwezi kuhudumu bila ya ulimi ule. Mtafiti aliyesema hapana mwaka 2021 amewahudumia wanawake kwa neno hilo la hapana. Amewaepusha na visu visivyo na faida, na ameziokoa fedha na akili za vijana wa kesho zisiende katika njia iliyofungwa.

Lakini muulizaji wetu bado hajaridhika, na ana haki. Atasema: kuepusha madhara ni jambo jema, ila yeye hakutafuta hilo. Alitafuta kuokoa. Je, Mungu humpa mtu asichokiomba akamnyima anachokililia?

Hapa ndipo zinapotufaa zile sifa mbili za Mwenyezi Mungu tunazozitaja mara nyingi kila siku pasipo kufikiri: Rahmani na Rahimu. Masihi Aliyeahidiwa a.s. alitufundisha kuzipambanua. Kwa sifa ya Rahmani Mungu huwapa viumbe bila ya kazi yao wala ombi lao: jua, hewa, maziwa katika kifua cha mama kabla mtoto hajajua kulia. Kwa sifa ya Rahimu huipokea kazi ya mtu na kuizalisha matunda. Na zote mbili zimejitokeza katika historia ya ugonjwa huu huu.

Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Barnett Rosenberg alikuwa akichunguza jambo lisilohusu saratani hata kidogo. Alitaka kujua umeme hufanya nini kwa bakteria zinapokua. Akaona kwamba bakteria zimeacha kugawanyika, zikarefuka kama nyuzi. Baada ya uchunguzi mrefu ikabainika kuwa si umeme uliofanya hivyo. Vipande vya platinamu alivyovitumia kupitishia umeme vilikuwa vikiyeyuka kidogo kidogo, na mchanganyiko wa platinamu ndio uliozizuia seli zisigawanyike. Kutokana na hayo ikapatikana dawa ya sisplatini, iliyokubaliwa Marekani mwaka 1978, na hadi leo dawa za jamii ya platinamu ndizo msingi wa kutibu saratani ya ovari. Rosenberg hakuitafuta dawa hiyo. Ililetwa mezani pake. Hata hivyo ilimbidi awe mezani, na awe mtu asiyepuuza ajabu aliyoiona.

Basi mmoja alipewa asichokitafuta, na wengine walitafuta kwa miaka arobaini wasipewe walichokitafuta. Je, hawa wa pili wako nje ya sifa ya Rahimu?

Mkumbuke Bibi Hajira, mama yake Nabii Ismaili a.s. Aliachwa na mtoto katika bonde lisilo na maji. Akakimbia kutoka Safa hadi Marwa na kutoka Marwa hadi Safa, mara saba, akitazama upeo wa macho. Maji hayakutokea Safa. Hayakutokea Marwa. Yalitokea pale alipomwacha mtoto, mahali ambapo hakuwa akitafuta. Na bado Mwenyezi Mungu ameifanya mbio ile kuwa ibada, na kila anayehiji au kufanya Umra huikimbia mpaka leo. Kama mbio zile zingekuwa bure kwa kuwa maji hayakuwa vilimani, mahujaji wangeamriwa kukaa penye kisima tu.

Nimekumbuka kisa hiki kwa sababu jambo linalofanana nacho limetokea katika elimu hii. Kwa muda mrefu wataalamu walikuwa wakiitafuta saratani hii katika ovari. Mwaka 2001 watafiti wa Uholanzi, wakiichunguza mirija ya uzazi iliyotolewa kwa wanawake wenye kurithi hatari ya ugonjwa huu, waliona humo seli zilizoanza kuharibika. Miaka michache baadaye Christopher Crum na wenzake wa Boston walionyesha kwamba ile aina kali zaidi, ambayo ndiyo huua wengi, mara nyingi huanzia kwenye ncha za mirija na kudondokea kwenye ovari. Jina la ugonjwa lilikuwa limewaelekeza watu kwenye nyumba ya jirani. Jambo hili lasaidia kueleza kwa nini kugundua mapema kulikuwa kugumu hivyo: seli mbaya zaweza kutoka katika mrija na kusambaa tumboni kabla ya uvimbe wowote kuonekana katika ovari.

Na kisima kimeanza kutoa maji. Tangu mwaka 2010 madaktari wa jimbo la British Columbia, Kanada, walianza kuwashauri wanawake wanaofanyiwa upasuaji wa kutoa kizazi au wa kufunga uzazi kwamba mirija itolewe kabisa na ovari ziachwe. Mwaka 2022 ilichapishwa hesabu ya wanawake 25,889 waliofanyiwa hivyo. Katika hao hakuonekana hata mmoja mwenye saratani ya ovari ya aina ile ya kawaida, wakati ambapo kwa kawaida walitazamiwa watano hivi. Miaka iliyopita bado ni michache na haifai kupiga ngoma. Lakini tazama njia ilivyopita: yasingalikuwapo majaribio yale makubwa, wengi wangalikuwa bado wanasimama Safa wakitazama upeo wa macho.

Katika Sura An-Najm Mwenyezi Mungu ametufahamisha kwamba haki ya mtu ni juhudi yake, na kwamba juhudi hiyo itaonekana. Zingatia kwamba kilichotajwa ni juhudi. Hakikutajwa kufaulu. Sisi hupima kinyume: tunamheshimu aliyefika na kumsahau aliyesafiri. Hata Profesa Abdus Salam, ambaye sisi Waahmadiyya twamtaja kwa furaha, ana sehemu mbili katika hesabu yake. Nadharia iliyompatia Tuzo ya Nobeli mwaka 1979 ilishuhudiwa, na chembe zilizotazamiwa zikaonekana Geneva mwaka 1983. Lakini wazo jingine alilolitoa pamoja na Jogesh Pati katika miaka ya 1970, kwamba protoni nayo huvunjika baada ya muda mrefu mno, limetafutwa katika mashimo makubwa chini ya ardhi kwa miaka mingi na mpaka leo halijaonekana. Sijasikia mtu mwenye akili akisema kwamba kwa wazo hili la pili Salam alipoteza wakati wake.

Wapo watakaoniuliza: hao uliowataja wengi wao si Waislam; je, juhudi yao ina malipo mbele ya Mungu? Mbele ya Mola ambaye hatapoteza wema wenye uzito wa chembe, mimi sioni njia ya kujibu ila ndiyo. Jinsi gani na lini, hilo ni lake. Jumuiya yetu hufundisha kwamba hata Jahanamu si makao ya milele, bali ni kama hospitali, ambamo roho hutibiwa mpaka ipone. Mtu aliyeutoa umri wake hospitalini kwa ajili ya wengine hatakuwa mgeni wa fikara hiyo.

Na kuna kundi ambalo katika kisa hiki chote halikutajwa jina hata la mtu mmoja, nami nisingependa kumaliza bila ya kulitaja: wale wanawake 101,314 walioangukiwa na kura ya kutopimwa. Walijua kabla ya kuandikishwa kwamba huenda kura ikawaangukia hivyo. Waliamini, kama kila mtu alivyoamini wakati ule, kwamba huenda wenzao wanapata kinga ambayo wao hawaipati. Wakakubali hata hivyo, na kwa miaka kumi na sita wakaruhusu habari zao zifuatwe. Pasipo wao vile vifo 296 vingekuwa hesabu isiyo na maana, kwa sababu pasingekuwa na cha kulinganisha. Mtafiti hupewa cheo na jina katika jarida. Wao hawakupewa hata karatasi ya kipimo. Ikiwa msomaji anatafuta maana ya sadaka ambayo mkono wa kushoto haujui ilivyotolewa na wa kulia, sijui mfano ulio karibu zaidi.

Mwisho, kwa kuwa huenda mtu akauliza kama mkewe au mama yake apimwe CA-125. Mwanamke asiye na dalili wala historia ya ugonjwa huu katika ukoo wake, wataalamu hawamshauri kupima, kwa sababu tulizokwisha ziona. Mwanamke ambaye tumbo lake limejaa, au anashiba upesi, au ana maumivu ya nyonga, na hali hiyo ni mpya kwake na imeendelea kwa majuma kadhaa, asiridhike na dawa za tumbo. Aende kwa daktari na amtajie ugonjwa huu kwa jina. Ambaye mama yake au dada yake aliugua saratani ya ovari au ya matiti na amwambie daktari hayo pia, maana hatari nyingine hurithiwa. Na ambaye amekwisha gunduliwa na anatibiwa kwa dawa za platinamu, kipimo atakachochukuliwa kila baada ya muda, ili ijulikane kama dawa inafanya kazi, ni kile kile cha kingamwili ya 125.